Kabla hujalipia kamera ya kazi za usiku: namna ya kupima chenga na ubora wa picha kwenye mwanga hafifu

Kamera yoyote inayouzwa leo itakupa picha nzuri saa nne asubuhi, nje, kukiwa na jua. Tofauti huanza kuonekana saa tatu usiku ukumbini, MC anapoomba taa kubwa zizimwe ili keki ikatwe na zikabaki taa za mapambo. Hapo picha hujaa chenga, yaani vidoti vidogo vinavyoichafua, misuko ya bibi harusi inalainika mpaka haihesabiki, na suti nyeusi ya bwana harusi inatoka na madoa ya zambarau. Kazi nyingi za kulipwa kwetu ni za usiku: harusi, sendofu, mikesha, taarab. Ndiyo maana nashikilia kwamba kamera ipimwe gizani kabla ya pesa kutoka mfukoni, na ipimwe kwa uso wa mtu.

Boksi litakwambia ISO, yaani kiwango ambacho kamera inakuza mwanga ilioupata, inafika 51,200 au 102,400. Hiyo ni namba ya mwisho ambayo mtengenezaji amekuruhusu kuichagua tu. Picha yako itakuwa na sura gani ukifika huko, boksi halisemi. Megapikseli nazo hazikwambii lolote kuhusu giza.

Chenga zinatoka wapi

Ukilielewa hili, vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa vyepesi. Mwanga hufika kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa chembe ndogo ndogo zinazoitwa fotoni, na chembe hizo haziji kwa foleni. Zinaanguka kama rasharasha kwenye vikombe vilivyopangwa uani: hiki kinapata matone tisa, cha pembeni yake kumi na mbili, ingawa mvua ni ileile. Pikseli, yaani vikombe vya sensa, zinazopokea wastani wa fotoni 100 hupishana kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Zinazopokea 10,000 hupishana kwa takriban 100, yaani asilimia 1 tu. Kupishana huko ndiko macho yako yanakokuona kama chenga.

Kwa hiyo chanzo kikubwa cha chenga ni uhaba wa mwanga wenyewe. Ukipandisha ISO huongezi mwanga hata kidogo. Unakuza kile kidogo kilichoingia, na kupishana kwake kunakuzwa pamoja nacho. Picha ya ISO 6400 huwa chafu kwa sababu sensa imepata mwanga mara 64 pungufu ya ule ambao ingepewa kwa ISO 100.

Juu ya chenga hizo za mwanga kuna chenga za kamera yenyewe, zinazoletwa na umeme wa kusomea sensa na joto lake. Hizi hujificha kwenye vivuli, na ndizo zinazotenganisha kamera nzuri na kamera ya kawaida hata kama sensa zao zina ukubwa mmoja.

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu wengi hupoteza pesa hapa. Kinachoamua kiasi cha mwanga unachokusanya ni lenzi na ukubwa wa sensa. Chukua ukumbi wenye mwanga kama wa sebuleni usiku. Ukiwa na apacha (tundu la lenzi; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ya f/2.8 na spidi ya shata (muda wa sensa kupokea mwanga) ya 1/125 ya sekunde, utahitaji ISO 3200 hivi. Lenzi ya 18–55mm inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka 55, hufunguka f/5.6 tu, na hapo ISO inapanda mpaka 12,800 kwa picha ileile. Ukiweka lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa kwa kila kampuni, unashuka mpaka ISO 1250 au 1300. Kati ya f/5.6 na f/1.8 mwanga unatofautiana karibu mara 10.

Sasa linganisha na sensa. Sensa kubwa iitwayo fulufremu ina milimita 36 kwa 24. Sensa ya APS-C, inayotumika kwenye kamera nyingi za bei ya kati, ni ndogo kuliko hiyo mara 2.3 hadi 2.6 kwa eneo, yaani tofauti ya stopu moja na robo hivi, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Maana yake, APS-C yenye lenzi ya f/1.8 na fulufremu yenye lenzi ya f/2.8, zikiwa za kizazi kimoja na zikipiga fremu ileile kwa spidi ileile, zitakaribiana mno kwa chenga. Kama una bodi (kamera bila lenzi) ya APS-C na unalalamikia chenga huku umefunga lenzi ya boksi, pesa yako ya kwanza iende kwenye lenzi.

Hatua ya 1: Andaa giza linalofanana na kazi yako

Usipime kamera chini ya taa kali za duka. Muombe muuzaji akuruhusu uingie stoo au pembe yoyote yenye taa moja. Ukiwa nyumbani ni rahisi zaidi: washa taa moja tu, na ikae upande, ili uso wa mtu uwe na sehemu yenye mwanga na sehemu yenye kivuli. Nenda na memori kadi yako mwenyewe, maana picha utazichunguza baadaye kwenye kompyuta.

Mbele ya kamera weka vitu vinne. Cha kwanza ni mtu. Cha pili ni kitambaa cheusi, koti au suti, maana chenga za rangi hupenda weusi. Cha tatu ni khanga au kitenge chenye maua madogo, na kama ni khanga, jina lake lisomeke. Cha nne ni nywele: misuko, afro au ndevu. Nywele na nyuzi za kitambaa zitakuonyesha kama kamera inapunguza chenga kwa kufuta undani wa picha.

Mtu huyo awe na rangi ya ngozi ya watu unaowapiga picha. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ngozi nyeusi huakisi mwanga kidogo kuliko nyeupe, kwa hiyo kwenye picha hukaa karibu na eneo la vivuli, kule ambako chenga zimejaa. Kamera inaweza kuonekana safi kabisa kwa uso mweupe na ikashindwa kwa uso wa mtu wa Mtwara au Kisumu kwenye ISO ileile. Jambo hili lina historia. Enzi za filamu, Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Kwa miaka mingi ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Vipimo vingi utakavyoviona mtandaoni leo hupigwa kwenye ubao wenye miraba ya rangi na vitu vya mezani. Vinafaa, lakini havitoshi kwa kazi yetu.

Kuhusu taa, mambo mawili. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa 50 Hz, na taa nyingi za LED na za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipima kwa 1/320 au 1/500, picha moja itatoka yenye giza, nyingine ya njano, nyingine ina mkanda mweusi, nawe utadhani sensa ni mbovu. Tumia 1/50 au 1/100. Kwa msomaji aliye Marekani au Kanada, kwenye 60 Hz, ni 1/60 au 1/125. La pili ni rangi ya taa. Sensa za kawaida zimefunikwa kwa kichujio cha Bayer: katika kila pikseli nne, mbili huona kijani, moja nyekundu, moja bluu. Chini ya balbu ya njano mwanga wa bluu ni haba, kwa hiyo pikseli za bluu hubaki na njaa, na kamera inaporekebisha rangi huzikuza kwa nguvu. Ndiyo maana chenga za ukumbi wenye taa za njano ni mbaya kuliko za ofisi yenye taa nyeupe, hata ISO ikiwa moja. Kama kumbi zako zina taa za njano, pima kwa taa ya njano. Na usihukumu kamera kwa picha zilizopigwa chini ya taa ya jukwaani ya bluu tupu. Hapo robo tu ya pikseli ndiyo inayofanya kazi ya maana, na hakuna kamera itakayokuridhisha.

Hatua ya 2: Panga kamera isikudanganye

Weka kamera kwenye tripodi au juu ya meza. Ukipima kwa mkono utachanganya chenga na mtikisiko.

Chagua kuhifadhi RAW (faili ghafi la sensa) pamoja na JPEG. JPEG ya kamera imeshapikwa: chenga zimepunguzwa, rangi zimekolezwa, kingo zimenolewa, na viwango vya mwangaza vimebanwa mpaka 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 hubeba viwango 16,384. Kisha ingia kwenye menyu uzime upunguzaji wa chenga wa ISO kubwa, au uushushe mpaka chini kabisa. Zima pia mfumo wowote wa kung'arisha vivuli wenyewe. Weka rangi ya mwanga (white balance) kwa mkono, isiwe otomatiki. Mwisho, geuza kamera kwenye modi ya M, ili uchague mwenyewe apacha, spidi na ISO.

Fokasi iweke kwenye jicho, uihakiki kwa kukuza kwenye skrini, kisha uifunge. Ukipiga nje ya fokasi utailaumu sensa bure.

Hatua ya 3: Panda ngazi ya ISO

Anza na ISO 100 na apacha f/4. Tafuta spidi ya shata itakayoupa uso mwangaza sahihi, hata ikiwa sekunde mbili. Mtu hawezi kutulia kiasi hicho, kwa hiyo picha za chini za ngazi zipigie khanga na koti. Kila unapoongeza ISO mara mbili, punguza muda wa shata kwa nusu: 200, 400, 800, mpaka 25,600. Ukifika kwenye spidi ambayo mtu anaweza kutulia, mrudishe kwenye fremu. Huku juu spidi zitapita 1/100, kwa hiyo kama taa yako inapepesa, funga apacha badala ya kuongeza spidi, au sogeza taa mbali.

Angalia histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwangaza, usiiamini skrini. Gizani skrini ya kamera hung'aa sana machoni, na picha iliyopungukiwa mwanga huonekana nzuri kabisa mpaka ufike nyumbani. Picha iliyopungukiwa stopu mbili kwa ISO 1600 itakuwa na chenga kama za ISO 6400 ukishaiinua.

Ukimaliza ngazi, piga picha chache zinazofanana na kazi yenyewe: mtu anageuza kichwa, anacheka, anapiga makofi, kwa 1/100 na apacha ya lenzi yako ikiwa wazi kabisa. Ngazi itakuonyesha tabia ya sensa. Hizi zitakuonyesha siku yako ya kazi itakavyokuwa.

Hatua ya 4: Pima vivuli na ufunike lenzi

Kipimo cha vivuli napenda kuliko vyote. Piga picha mbili kwa spidi na apacha ileile: moja ISO 3200 yenye mwangaza sahihi, nyingine ISO 800, ambayo itatoka na giza la stopu mbili. Kwenye kompyuta iinue RAW ya pili kwa stopu mbili uziweke bega kwa bega. Zikifanana, sensa hiyo ina chenga chache za kusoma, nawe utaweza kupiga kwa ISO ya chini ili gauni jeupe lisiungue, halafu uinue nyuso baadaye. Ya pili ikiwa chafu zaidi, basi kamera hiyo inataka ISO sahihi palepale ukumbini, na usitegemee kompyuta ikuokoe.

Kisha funika lenzi kwa kifuniko chake, funga na kidude cha macho kama ni kamera ya kioo (DSLR), upige sekunde 1 kwa ISO 3200 na sekunde 30 kwa ISO 800. Picha itakuwa nyeusi. Iinue mwangaza na uitazame. Vidoti vyekundu, bluu au vyeupe vilivyokaa mahali pamoja kwenye kila picha ni pikseli moto. Vichache ni vya kawaida, na kamera nyingi huviondoa zenyewe kwa kupiga picha ya pili ya giza na kuitoa kwenye ya kwanza. Mistari iliyonyooka, ya wima au ya mlalo, ndiyo ya kuogopa. Chenga zilizotawanyika jicho huzizoea haraka, lakini mstari haliusahau, na programu nyingi zinashindwa kuufuta. Rudia kipimo hiki baada ya kurekodi video kwa dakika 20, hasa kama unafanyia kazi Dar, Tanga au Mombasa. Chenga za joto huongezeka kasi sensa inapochemka.

Kwa kamera iliyotumika, mulika tochi ya simu ndani ya lenzi pia. Kuvu la pwani huota kwenye vioo kama nyuzi za buibui. Kuvu haliongezi chenga, ila huondoa ukolezi wa picha, nawe ukijaribu kuurudisha kwa programu unazikuza chenga zilizokuwa zimelala.

Hatua ya 5: Tazama picha kwa ukubwa ambao mteja ataiona

Fungua RAW kwa programu ileile kwa kamera zote. Kama huna ya kulipia, darktable na RawTherapee ni za bure na zinatosha. Shusha upunguzaji wa chenga mpaka sifuri, wa mwangaza na wa rangi. Lightroom, programu ya kulipia, kwa mfano, huweka upunguzaji wa rangi kwenye 25 bila kukuuliza. Baadhi ya kamera hulainisha hata RAW zenyewe kwenye ISO kubwa, kwa hiyo nywele na nyuzi za koti ziangaliwe kwa makini: chenga zikipungua ghafla kwenye ngazi na nywele zikapotea wakati huohuo, umeigundua.

Watu wengi wakishafungua picha huivuta mpaka asilimia 100 na kuanza kusikitika. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa 4,000. Kwenye skrini ya kawaida ya mezani, asilimia 100 ni sawa na kutazama picha yenye upana wa zaidi ya mita 1.5 ukiwa umeikaribia kama unayesoma gazeti. Mteja wako ataiona kwenye simu au kwenye albamu. Chapa ya sentimita 10 kwa 15 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 2 tu na kidogo. Yaani pikseli 11 hivi zinaunganishwa kuwa moja, na chenga zinashuka mpaka chini ya theluthi ya ulichokiona.

Kwa sababu hiyohiyo, usilinganishe kamera ya megapikseli 12 na ya 45 kwa asilimia 100. Ya 45 itaonekana chafu kwa kuwa umeisogelea zaidi. Zipunguze zote zilingane na ile ndogo, ndipo uhukumu. Asilimia 100 itumie kwa kazi moja: kutambua aina ya chenga.

Aina hizo ni muhimu kuliko wingi wake. Chenga za mwangaza, zile nyeusi na nyeupe, zinavumilika, na kwenye chapa hata hupendeza. Chenga za rangi, madoa ya kijani na zambarau kwenye shavu na kwenye koti, zinachafua ngozi na mteja ataziona hata kama hajui jina lake. Programu huzifuta kirahisi, lakini rangi ya ngozi inapauka pamoja nazo, kwa hiyo kamera yenye madoa makubwa ya rangi kwenye vivuli mimi naipa alama ndogo. Tazama pia kama weusi umebaki mweusi au umegeuka zambarau. Na tazama rangi ya midomo na mashavu: kabla chenga hazijakukera, rangi huwa zimeshaanza kufa.

Vipimo vya mtandaoni visome baada ya kupima mwenyewe. Tovuti ya DxOMark hutoa alama ya michezo, ambayo ni ISO ya mwisho ambapo kamera bado inatimiza viwango vyao vya chenga, upana wa mwangaza na rangi, picha ikiwa imepunguzwa mpaka megapikseli 8. Tovuti ya Photons to Photos hukuchorea mstari wa kila ISO na kuweka alama maalumu pale RAW inapokuwa imelainishwa. Vyote viwili hupima sensa. Lenzi, fokasi ya gizani na uso wa mteja wako havimo.

Kuhusu simu, neno fupi. Modi ya usiku hupiga fremu nyingi na kuziunganisha, kwa hiyo ukuta na jengo hutoka safi kuliko sensa yake ndogo ingeweza peke yake. Ipime kwa watu wanaocheza. Hapo fremu hazilingani tena, na utaona mikono iliyoyeyuka na nyuso zilizopakwa nta.

Hatua ya 6: Weka mipaka miwili

Rudi kwenye ngazi yako ya ISO uchague namba mbili. Ya kwanza ni ISO ambayo uso bado ni safi kwa chapa ya A4: hii ni ya picha za kupanga, za familia, za pete. Ya pili ni ISO ya mwisho ambayo picha bado inafaa kwa simu na albamu ndogo: hii ni ya matukio, machozi ya mama, kuingia kwa maharusi, ambapo kupata picha yenye chenga ni bora kuliko kuikosa. Kwa APS-C nyingi za miaka ya karibuni namba hizi huangukia karibu na 1600 na 6400, kwa fulufremu karibu na 3200 na 12,800, lakini zako zitoke kwenye nyuso ulizopiga wewe.

Ingia kwenye menyu ya ISO otomatiki, weka namba ya pili kama kikomo cha juu na 1/100 kama spidi ya chini ya shata. Kamera ikigonga kikomo hicho na picha bado ni giza, usikiinue: fungua apacha, sogea upande wenye taa, au washa flashi uielekeze kwenye dari nyeupe. Dari ikiwa imefunikwa vitambaa vya rangi, flashi itarudi na rangi hiyo kwenye nyuso, kwa hiyo iangalie mapema unapofika ukumbini, kabla wageni hawajaketi.